Marehemu Hana Kibali

Filamu ya Cuba iitwayo La muerte de un burócrata, yaani Kifo cha Mrasimu, ilitoka mwaka 1966, miaka saba tu baada ya Fidel Castro na wapiganaji wake kuingia Havana. Ilitengenezwa kwa fedha za serikali, na taasisi ya serikali, na kwa dakika 85 inawadhihaki watumishi wa serikali hiyo hiyo hadi mtazamaji anashika mbavu. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Wako wanaoitaja kuwa ushahidi kwamba Cuba ya miaka ile ilikuwa na uhuru ambao mahasimu wake hawataki kuukiri. Wako wanaoichukua kuwa ushahidi wa kinyume: kwamba wakubwa walijua kuwaachia watu wacheke ili wasidai zaidi. Na wako wanaoapa kuwa mwongozaji wake aliwapiga chenga wote, akayakejeli mapinduzi mbele ya macho yao, nao wakampigia makofi.

Mwongozaji huyo, Tomás Gutiérrez Alea, ambaye Wakuba walimwita Titón, alifariki Aprili 1996. Ubishi hakuondoka nao. Mwaka 2019 nakala iliyosafishwa na kukarabatiwa ilionyeshwa katika tamasha la Venice, na kizazi ambacho hakikuwahi kuishi enzi za Vita Baridi kikakutana na kichekesho chenye rangi nyeusi na nyeupe kisichojitambulisha kuwa cha upande gani. Je, inayachekea mapinduzi au inayacheka? Swali hilo lina majibu manne yanayoshindana, na kila moja lina sehemu yake ya ukweli na sehemu yake ya upofu.

Kadi ndani ya jeneza

Kwanza hadithi yenyewe, maana wengi wanaobishana hubishana juu ya kitu walichokisikia tu.

Anazikwa Paco, mfanyakazi wa kupigiwa mfano, fundi aliyevumbua mashine ya kufyatua sanamu za kichwa cha José Martí, shujaa wa uhuru wa Cuba aliyeuawa vitani mwaka 1895. Nia ilikuwa nzuri: kila familia iwe na Martí wake nyumbani. Mashine ikamuua mwenyewe. Kwa kumuenzi, wenzake wanamzika pamoja na kadi yake ya kazi, jambo ambalo linasikika tukufu katika hotuba za mazishi na halina ubaya wowote mpaka mjane anapokwenda kufuatilia pensheni. Karani anataka kuiona kadi. Kadi iko kaburini.

Mpwa wa marehemu, Juanchín, anayeigizwa na Salvador Wood, anajitwika kazi ya kuipata. Kufukua maiti kunahitaji amri ya mahakama, na kuipata amri kunahitaji mlolongo wa ofisi ambazo kila moja inamwelekeza kwingine. Iko hata idara iliyoanzishwa mahsusi kwa ajili ya kuharakisha shughuli za maofisini, na foleni yake ni ndefu kama zile nyingine. Mwishowe anakodi watu, wanalifukua kaburi usiku, anaipata kadi. Lakini purukushani za usiku ule zinamwachia jeneza mikononi, na maiti inaishia nyumbani.

Asubuhi anairudisha makaburini. Msimamizi anakataa. Daftari linaonyesha kwamba Francisco J. Pérez, yaani Paco, amekwisha kuzikwa, na mtu aliyezikwa hazikwi tena. Kama amefukuliwa, hati ya kufukuliwa iko wapi? Kwa hiyo ili mjomba azikwe, inabidi kwanza Juanchín apate kibali cha kumtoa kaburini asikokuwamo. Nyumbani barafu inayeyuka, tumbusi wanazunguka juu ya paa, majirani wanaziba pua. Mwisho wa yote Juanchín anamkaba msimamizi koo hadi anakata roho, anachukuliwa kama mwendawazimu, na msimamizi anafanyiwa mazishi ya fahari. Makaratasi yake, bila shaka, yalikuwa sawa.

Ofisi zilizozaliwa na nia njema

Urasimu huo ulitoka wapi? Jibu rahisi ni kusema kwamba serikali za kijamaa ndivyo zilivyo. Jibu hilo halisaidii, kwa sababu Cuba ya kabla ya 1959 nayo ilikuwa na makarani wengi, na wengi wao waliishi kwa hongo. Kilichobadilika ni wingi wa mambo ambayo serikali ilijitwika kwa mkupuo.

Sheria ya ardhi ilitoka Mei 1959. Mwaka 1960 makampuni makubwa, ya Wamarekani na ya Wakuba, yalitaifishwa. Mwaka 1961 ukawa wa kampeni ya kufuta ujinga nchi nzima. Machi 1962 kikaanzishwa kitabu cha mgawo wa chakula. Mwaka 1963 Sheria namba 1100 ikaunganisha mifuko iliyokuwa imetawanyika na kupanua hifadhi ya jamii iwafikie wafanyakazi wote wa mishahara. Pensheni anayoifuatilia mjane wa Paco ilikuwa, kwa maneno mengine, moja ya matunda ya mapinduzi yenyewe.

Na kila tunda lilikuja na fomu yake. Huwezi kugawa mgawo bila orodha ya kaya, wala kulipa mafao bila kumbukumbu za ajira. Wakati huohuo watu waliojua kazi hizo walikuwa wanapanda ndege kwenda Miami: kati ya madaktari wapatao 6,000 waliokuwapo, karibu nusu waliondoka katika miaka ya mwanzo, na wahandisi, wahasibu na wanasheria wengi wakafuata njia hiyohiyo. Viti vyao vikakaliwa na watu waaminifu kwa mapinduzi lakini wageni kwa kazi. Mtu wa namna hiyo anaogopa kukosea, na anayeogopa kukosea huomba muhuri mmoja zaidi. Karani aliyezoea kazi angeweza kumtazama mjane, akaona hali ilivyo, akaamua. Karani mpya alikuwa na kanuni tu.

Uongozi uliliona tatizo hilo mapema. Februari 1963 Ernesto Che Guevara, wakati huo waziri wa viwanda, alichapisha katika jarida la Cuba Socialista makala ya kuushambulia urasimu. Alikiri kwamba serikali changa iliendeshwa kwanza kivitavita, kila mtu akifanya lake, na kwamba dawa iliyotumika, yaani kuyavuta mamlaka yote katikati, ilizidi kipimo. Alitaja sababu tatu: watu kukosa msukumo wa ndani, mpangilio mbovu, na uhaba wa ujuzi. Jambo la kupendeza kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni kwamba miezi michache kabla filamu haijatoka, mwandishi wa makala hiyo alikuwa amejificha katika ubalozi wa Cuba jijini Dar es Salaam. Alikuwa ameshindwa vita vya Kongo, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma Novemba 1965, na sasa aliandika kumbukumbu za kushindwa kwake. Adui wake wa mezani hakuwahi kumshinda wazi namna ile, wala hakuwahi kushindwa.

Jibu la kwanza: hii ni sauti ya nyumbani

Watetezi wa jibu hili wanaanza na maisha ya Alea. Alisoma sheria Havana, kisha filamu huko Roma katika miaka ya mwanzo ya 1950. Mwaka 1955 alishirikiana na Julio García Espinosa kutengeneza El Mégano, filamu fupi juu ya wachoma mkaa wa kinamasi cha Zapata. Polisi wa Batista, dikteta aliyetawala kabla ya mapinduzi, wakaikamata. Mapinduzi yaliposhinda, taasisi ya filamu, ICAIC, iliundwa Machi 24, 1959, hata miezi mitatu haijatimia, na Alea akawa miongoni mwa waanzilishi. Hakuhama nchi mpaka kufa. Mtu huyu, wanasema, aliikosoa nyumba yake kwa sababu ni yake.

Wanaongeza, na hapa hoja yao ina uzito, kwamba ICAIC haikuwa ofisi ya kawaida. Mkuu wake, Alfredo Guevara, alikuwa rafiki wa Castro tangu chuo kikuu, na aliutumia urafiki huo kama ngao. Desemba 1963, Blas Roca, mkomunisti wa siku nyingi aliyeendesha gazeti la Hoy, alihoji kwa nini wafanyakazi wa Cuba wanaonyeshwa filamu kama La dolce vita ya Fellini na El ángel exterminador ya Buñuel, ambazo hazina mfano mwema kwa mjenga taifa. Alfredo Guevara alimjibu hadharani, tena kwa ukali, kwamba mtazamaji si mtoto wa kuchaguliwa hadithi. Bila ushindi huo wa 1963, ni vigumu kuona jinsi Kifo cha Mrasimu ingepitishwa mwaka 1966.

Kwa hiyo jibu la kwanza linaeleza vizuri jinsi filamu ilivyowezekana. Linashindwa kueleza filamu ilivyo. Kama ingekuwa ukosoaji wa nyumbani wa kawaida, ingefuata desturi iliyokwisha kuwekwa na Umoja wa Kisovieti, ambako mrasimu alichekwa rasmi tangu zamani. Katika Volga-Volga ya 1938 na Usiku wa Kanivali ya 1956, mwigizaji yuleyule, Igor Ilyinsky, anaigiza mkubwa mpumbavu wa ofisi, na katika zote mbili vijana wenye vipaji wanamzidi akili, raha inashinda, mambo yanakaa sawa. Mtazamaji anarudi nyumbani akijua kwamba mfumo ni mzima ila alikuwapo mjinga mmoja. Katika filamu ya Alea hakuna anayekuja kuokoa. Hakuna katibu wa chama mwenye busara anayepiga simu moja na kumaliza kesi. Kila mlango unafunguliwa na mtu mwingine wa aina ileile.

Jibu la pili: kifuniko cha sufuria

Wapinzani wa serikali ya Cuba, hasa walioko uhamishoni, wamekuwa na maelezo makavu zaidi. Anayepika anajua kukisogeza kifuniko kidogo ili maji yasifurike, na filamu kama hii, wanasema, ilikuwa kifuniko kilichosogezwa. Wananchi wakachoka kucheka, wakarudi kwenye foleni zao.

Ushahidi wao ni wa kweli na haufai kupuuzwa. Mwaka 1961 filamu fupi iitwayo P.M., inayoonyesha tu watu wakinywa na kucheza katika baa za Havana usiku, ilipigwa marufuku. Juni mwaka huo Castro alikutana na wasanii na waandishi katika Maktaba ya Taifa, akawaambia kwamba ndani ya mapinduzi wana nafasi yao na dhidi yake hawana, bila kusema mpaka uko wapi. Kabla ya mwaka kwisha, Lunes de Revolución, jarida la fasihi lililowatetea watengenezaji wa P.M., lilikuwa limefungwa. Mwandishi Guillermo Cabrera Infante, aliyelihariri, aliondoka kabisa mwaka 1965. Na kuanzia Novemba 1965 zilianza kufanya kazi huko Camagüey kambi za UMAP, ambako mashoga, watu wa dini na wengine waliohesabiwa kuwa hawafai walipelekwa kufanya kazi za shamba kwa nguvu. Watazamaji wa 1966 walimcheka msimamizi wa makaburi wakati kambi hizo zimejaa. Filamu haizitaji. Wala katika filamu nzima hakuna waziri, hakuna kamanda, hakuna picha ya kiongozi inayochezewa. Aliyekosea daima ni yule wa dirishani.

Serikali nayo ilinufaika. Filamu ilipelekwa Karlovy Vary, Chekoslovakia, mwaka huohuo wa 1966 ikapata tuzo maalumu ya majaji, na Cuba ikaonekana nchi inayojiamini kiasi cha kujicheka.

Hata hivyo hoja ya kifuniko ina tatizo kubwa: inamfanya mwenye mamlaka kuwa na akili moja na hesabu kali, wakati historia inaonyesha mabosi wanaogombana wenyewe kwa wenyewe na mara nyingi kuogopa kicheko kuliko hotuba. Kama kicheko kila mara kinaituliza jamii, kwa nini Hungaria iliifungia kabatini kwa takriban miaka kumi A tanú, kichekesho cha Péter Bacsó cha 1969 kuhusu mlinzi wa tuta la mto anayepandishwa vyeo asivyovielewa? Kwa nini Chekoslovakia iliizuia filamu ya Miloš Forman ya 1967 juu ya dansi ya wazima moto, vifaru vya Kisovieti vilipokwisha kuingia Praha? Na kwa nini Cuba yenyewe, Juni 1991, iliiondoa kumbini baada ya siku nne filamu ya Daniel Díaz Torres, Alicia en el pueblo de Maravillas, ambayo nayo ni tashtiti juu ya maofisa wa mji wa kubuni? Wenye kifuniko hawakujua siku gani sufuria itachemka. Walikuwa wakibahatisha.

Jibu la tatu: utani uliofichwa

Hapa wanaingia wasomaji wa ishara, na wanaanza na mashine. Martí ndiye roho ya taifa. Kila upande wa siasa za Cuba unadai kuwa mrithi wake. Alea anafungua filamu kwa kumfanya shujaa huyo kuwa bidhaa inayofyatuliwa kwa maelfu, vichwa vyote sawa, na kwa kumwua mtumishi mwaminifu kwa uvumbuzi wake mwenyewe. Hilo si la karani. Hilo ni la utamaduni mzima wa sanamu, picha na kaulimbiu. Halafu kuna mwisho: mrasimu anakufa na bado msafara wa mazishi yake ni mrefu, wa heshima, unaokwenda hatua kwa hatua. Aliyeumizwa na ofisi ndiye anayeondoka amefungwa.

Ni usomaji wenye macho. Dakika zile za mwanzo, zilizochorwa kama katuni, ni kali kuliko chochote kinachofuata, na ajabu yake ni kwamba hazikuzuiwa. Lakini wanaosema Alea alikuwa mpinzani aliyejificha wanalazimika kuyapuuza maneno na matendo yake ya miaka thelathini. Mwaka 1984 wakimbizi wawili, Néstor Almendros na Orlando Jiménez Leal, ambaye alikuwa mmoja wa watengenezaji wa P.M., walitoa Conducta impropia, filamu ya ushuhuda juu ya mateso ya mashoga nchini Cuba. Alea aliishambulia hadharani, akidai inaficha muktadha. Wengi leo wanaona kwamba katika hilo alikuwa upande mbaya, na filamu yake mwenyewe ya 1993, Fresa y chocolate, aliyoiongoza na Juan Carlos Tabío, inaweza kutazamwa kama kusahihisha msimamo. Vyovyote iwavyo, si tabia ya mtu aliyekuwa akisubiri siku ya kujivua kinyago. Aidha, nadharia ya ujumbe wa siri ina udhaifu wa kawaida wa nadharia za siri: kila anachokanusha mhusika kinahesabiwa kuwa uthibitisho.

Jibu la nne: kila nchi ina dirisha lake

La nne halihitaji maneno mengi. Majina ya mwanzo ya filamu yamepigwa taipu kama hati ya serikali, na ndani ya hati hiyo Alea anaitabaruku kazi yake kwa Buñuel, Laurel na Hardy, Harold Lloyd, Buster Keaton, Kurosawa, Bergman, Orson Welles, Marilyn Monroe na wengineo. Ugomvi mbele ya lango la makaburi, ambapo waombolezaji wanaharibiana magari na mashada kwa zamu, ni wa Laurel na Hardy waziwazi. Ndoto za Juanchín zina harufu ya Buñuel. Kwa hiyo, wanasema, filamu hii ni ya sinema yenyewe na ya binadamu yeyote aliyewahi kuambiwa arudi kesho. Mtazamaji wa Kampala au Mombasa hahitaji maelezo ya ziada juu ya faili lililopotea.

Kweli, na ndiyo sababu inachekesha mpaka leo. Ila jibu hili linaiosha filamu hadi inakosa rangi. Makarani wa Alea hawali rushwa. Hakuna hata mmoja anayemnong'oneza Juanchín kwamba mambo yanaweza kulainishwa. Yeyote anayeujua urasimu wa nchi nyingi duniani ataona kuwa hilo ni jambo la pekee sana, na linamrudisha palepale Havana ya 1966.

Mizani

Ukosefu huo wa rushwa ndio ufunguo ambao majibu yote manne yanaupita. Ukiufuatilia mlolongo wa balaa la familia hii hatua kwa hatua, hukuti mahali popote ambapo mtu mbaya ametenda ubaya. Kadi ilizikwa kwa heshima. Pensheni ni haki mpya ya mjane. Kadi inadaiwa ili pensheni isiibwe na matapeli. Maiti hazifukuliwi ovyo kwa sababu za afya na za staha. Daftari la makaburi linatunzwa kwa uaminifu, na msimamizi anayekataa kumzika mtu mara mbili anafanya kile ambacho msimamizi mwema angefanya. Weka mema haya yote katika mstari mmoja na mwisho wake ni maiti inayooza sebuleni.

Huu ni uchambuzi mkali kuliko ule wa serikali. Kauli rasmi, iliyokuja kukolezwa na tahariri za gazeti la Granma mwaka 1967, iliuona urasimu kwa sehemu kubwa kuwa masalia ya mfumo wa zamani na mawazo ya mabwanyenye wadogo: uchafu uliobaki, ambao ungefagiliwa. Che Guevara alikuwa mkweli zaidi, kwani alitaja makosa ya serikali mpya. Alea anakwenda mbele yake hatua moja. Katika filamu yake hakuna aliyebaki kutoka enzi za Batista. Makarani wanaitana komredi, na tatizo limezaliwa baada ya 1959, na wazazi wake ni fadhila za mapinduzi. Kwa maana hiyo filamu haiko nje ya mapinduzi wala haiyabembelezi. Inayachukulia kwa uzito kiasi cha kuyadai hesabu.

Lakini mizani isiyotaja upungufu haijapima kitu. Kanuni hizo zilitungwa na nani? Swali hilo halipo katika filamu. Juanchín anapambana na kila anayetekeleza kanuni na hakutani hata mara moja na anayeziandika. Hasira yake, kwa hiyo, inamwangukia wa karibu, mzee wa makaburini ambaye pengine naye ana foleni zake za kupanga. Mtu anaweza kusema hivyo ndivyo maisha yalivyo, kwamba mwananchi hamfikii mtunga kanuni. Ni utetezi mzuri, na bado ni kweli pia kwamba kumfikia mtunga kanuni mwaka 1966 kungeigharimu filamu uhai wake.

Hapo ndipo ilipo bei ya njia aliyoichagua Alea. Aliyebaki ndani alipata kamera, waigizaji, muziki wa Leo Brouwer, na zaidi ya yote alipata ukumbi uliojaa Wakuba wanaojicheka wenyewe. Alilipa kwa kunyamazia UMAP na kwa kuwaacha wakubwa nje ya picha. Cabrera Infante, aliyetoka, alikuja kuandika alichotaka huko London, na kwa miaka mingi watu aliowaandika hawakuruhusiwa kumsoma isipokuwa kwa siri. Hakuna hesabu inayoweza kusema kwa uhakika nani aliwafaa Wakuba zaidi. Linaloweza kusemwa ni kwamba nafasi aliyoitumia Alea ilikuwa finyu na ya muda. Mwaka 1968 alitoa Memorias del subdesarrollo, filamu yake inayosifiwa kuliko zote. Machi mwaka huohuo serikali ilitaifisha hata vibanda vya vitafunio na viduka vya mafundi, makumi ya maelfu kwa mpigo, na kazi nyingi zaidi zikaingia chini ya mihuri. Mwaka 1971 mshairi Heberto Padilla alikamatwa na kulazimishwa kujikosoa hadharani, na miaka ya kiza ikaanza kwa waandishi. Vichekesho vya maofisini havikukoma, ila vilipungua makali.

Maiti ya pili

Alea mwenyewe alilirudia suala lake. Sakata la Alicia la 1991 lilikuwa karibu kuiua ICAIC, kwani serikali ilipanga kuiunganisha na shirika la redio na televisheni. Watengenezaji wa filamu, yeye akiwamo, walipinga kwa pamoja, mpango ukasitishwa na Alfredo Guevara akarudishwa kuiongoza taasisi. Miaka minne baadaye, tayari akiugua saratani, alitoa Guantanamera pamoja na Tabío. Ni kichekesho kingine cha maiti, safari hii katika nchi isiyo na petroli baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika. Mwili wa bibi mmoja unasafirishwa kutoka mashariki ya kisiwa hadi Havana kwa kupokezana magari kila mkoa, ili gharama ya mafuta igawanywe kwa haki.

Tofauti na 1966 iko kwa mhusika mmoja. Adolfo, afisa wa huduma za mazishi, hatekelezi kanuni ya mtu mwingine. Ameitunga mwenyewe, anaitetea kwa hotuba, na anaona ndani yake njia ya kurudishiwa cheo. Mtunga kanuni, aliyekosekana kwa miaka thelathini, hatimaye yumo ndani ya picha, na mke wake anamkimbia. Lawama imepanda ngazi moja.

Moja tu, lakini ilisikika juu. Februari 1998, karibu miaka miwili baada ya Alea kuzikwa, Castro aliilaumu Guantanamera katika hotuba ndefu ya hadhara, akilalamika kwamba fedha za umma zinatengeneza filamu za kuidhihaki nchi. Filamu ya 1966, yenye maiti ileile, foleni zilezile na dhihaka kali zaidi juu ya Martí, haikuwahi kumletea mwongozaji wake karipio la namna hiyo.